Mwaka Doreen Alipoacha Kupalilia

Kwa miaka arobaini na moja Doreen Gittins hakuruhusu hata jani moja liote mahali ambapo hakulipanda yeye. Mistari yake ya vitunguu ilinyooka, na mche wowote uliothubutu kuchipua kwenye njia ya changarawe aliung'oa kabla hajanywa chai ya saa nne. Kijiji kizima kilimsifu, naye alipenda kusifiwa, tusimfiche.

Mumewe Wilf hakuwa mtu wa bustani. Chake kilikuwa kitu kimoja: ua la kengele la marehemu mama yake, lenye rangi nzito karibu na nyeusi, ambalo kwingine hukulikuta. Kiangazi kilichopita Wilf aliugua mapafu, Doreen akaacha jembe ili amuuguze. Baridi ikaja ikaliua shina lile la mama. Mwezi wa tatu, siku ya kupelekwa hospitali, Wilf alimshika mkono.

"Mke wangu, mwaka huu usipalilie."

"Unataka Maureen hapo jirani anicheke?"

"Acheke. Mbegu za ua la mama zilidondoka humo, zimeota. Nataka kuliona. Na mimi nikienda, lenyewe libaki."

Shida ni kwamba maua ya kengele hujizalia ovyo, na miche yake yote inafanana. Upi mweusi, upi wa waridi, hujui mpaka uchanue. Basi Doreen akaiacha yote: njiani, katikati ya vitunguu, kwenye nyufa za ngazi. Mikono ilimwasha kila alipopita. Mwezi wa tano vitumba vya maua vilikuwa vingi, vyote vya kijani, vimefumba. Daktari naye alikwisha kuacha kuhesabu wiki, sasa alihesabu siku. Doreen aliinama kila asubuhi akivibembeleza kwa sauti, mwanamke mzima, vifunguke upesi.

Alhamisi alishinda hospitali. Aliporudi, bustani ilikuwa safi kama zamani. Maureen Pugh, jirani yake, alikuwa langoni na mumewe Ken, wamechafuka udongo, nyuso zinang'aa.

"Tumekuona unavyohangaika, mwenzangu," alisema Maureen. "Tukasema hapana, Doreen wetu hatumwachi na pori lile."

"Hatukuacha hata mche," alisema Ken. "Mizizi nimeikata yote nikaichoma, isije ikachipua tena. Majani yako kule kwenye lundo la mboji."

Doreen alitaka kupiga yowe. Lakini watu walikuwa wamemfanyia wema, na kijijini kwao mtu akikufanyia wema unamkaribisha chai.

"Asanteni. Mmejisumbua sana," alisema, akaenda kuchemsha maji. Wakala keki, wakaaga.

Walipoondoka, Doreen alipiga magoti kwenye lundo na nguo zake za kwendea hospitali, akawa anapasua vitumba kwa ukucha. Waridi. Waridi. Nyeupe. Samawati. Alilia huku akipasua. Karibu na chini akapata bua lililonyauka, lenye kitumba kimoja kilichokaribia kufunguka, na ndani yake weusi. Akalitia kwenye glasi ya maji, akakaa nalo jikoni, na asubuhi lilikuwa limefunguka.

Alilipeleka hospitali, Wilf akaliangalia.

"Kumbe lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Wapi?"

"Njiani, mzee wangu. Katikati ya changarawe. Ningelikanyaga."

Wilf alicheka mpaka akakohoa, nesi akachungulia.

"Hilo shina lake liache lizae," alisema alipopata pumzi. "Mbegu zikikauka, mwaga kila mahali. Hata kwa Maureen."

"Nitamwaga."

"Niahidi, nakujua wewe na jembe lako."

Doreen, ambaye katika ndoa yao hakuwahi kumdanganya hata bei ya kiatu, alimtazama machoni.

"Nakuahidi," alisema, na Wilf akafumba macho, ameridhika.