Malaria ya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya serikali, kwenye barabara ya kwenda Mongbwalu, na mimi nilikuwa fundi cherehani pembeni ya soko la hapohapo. Naanza na hilo ili ieleweke kwamba kadi ya bima ilikuwa yake, si yangu. Kila mwezi walimkata kidogo kwenye mshahara kwa ajili ya mutuelle, yaani bima ya afya ya walimu wa serikali, wakampa kadi yenye picha. Alitoka vizuri kwenye picha ile. Mimi fundi wa kushona sijawahi kuwa na bima ya kitu chochote, hata ya sindano.

Vita vilipofika kwetu, vilifika saa mbili asubuhi, watoto wakiwa wameshakaa kwenye mabenchi. Aliwatoa wa darasa lake kwa mlango wa nyuma, wakakimbilia kwenye mashamba ya muhogo. Jioni alipowaita mmoja mmoja kwa jina, sita hawakuitika. Yaliyowapata wawili kati yao nayajua na sitayasimulia. Wanne hatujui mpaka leo. Sisi na watoto wetu wawili tulifika mjini Bunia kwa miguu, tukapanga chumba kimoja katika mtaa wa Mbunya, na shule ya hapo ikampokea afundishe zamu ya mchana pamoja na walimu wengine waliokimbia.

Mimi nilidhani tumepona. Mtu akishavuka salama na watoto wake wote anaona mengine ni madogo.

Baada ya miezi michache direkta wa shule akanifuata kwenye baraza nilipokuwa nikishona kwa cherehani ya kukodi. Hakukaa.

"Papa, madame anaita majina ya batoto benye habako kwetu," akasema.

Akanieleza. Kila mchana mke wangu alifungua daftari la mahudhurio, lakini badala ya kusoma yaliyoandikwa, aliita darasa lake la zamani kwa kichwa, jina kwa jina, na kila jina akalisubiri. Kama hakuna anayeitika, hakusonga mbele. Watoto wa Bunia mwanzoni walicheka. Halafu wakaona kwamba bila jibu hakuna somo, wakaanza kuitika. Wakasema "présent" kwa sauti ile ya kuvuta ya watoto wa shule, kwa niaba ya watoto wasiowajua, mpaka orodha iishe, ndipo hesabu ianze.

"Miye sitasema kitu," direkta akasema. "Lakini inspecteur akikuja na kusikia, atamutosha ku liste. Mutafutie matibabu mbiombio."

Akitolewa kwenye orodha ya walimu, mshahara umekwenda, na kadi imekwenda nao. Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu: apate kutibiwa kichwa kwa kadi ile kabla kichwa hakijaipoteza.

Nyumbani nilikuwa nimeona dalili, nikazifumbia macho. Alikuwa analaza watoto wetu na viatu miguuni. Siku moja nilimvua mdogo viatu, mke wangu akanipiga kofi mbele yao, yeye ambaye hajawahi hata kunipandishia sauti. Mlango wa nyuma wa chumba hakutaka ufungwe, mvua inyeshe isinyeshe.

Nikaanza kutafuta. Kwenye kituo cha kwanza nilimkuta dada wa mapokezi na karatasi imebandikwa juu ya meza.

"Anaugua nini?"

"Kichwa."

"Kichwa inamuuma?"

"Hapana, haimuumi."

"Sasa iko nini, papa?"

Nikamweleza. Akapitisha kalamu kwenye karatasi yake, juu mpaka chini, polepole, kwa kweli alitafuta. "Kuzaa iko. Malaria, palu, iko, typhoïde iko, kuvunjika iko. Wazimu haiko humu."

Nikamwambia basi nitakwenda kumvunja mguu nimlete kesho. Hakucheka. Na mimi sikuwa natania sana.

Watu wakanielekeza kwenye hema moja katika kambi ya wakimbizi, ambako binti mmoja alikuwa anasikiliza watu bure, bila kuuliza kadi. Tulipofika tulikuta miti ya hema na mlinzi. "Projet ilimalizika, papa. Balienda." Wengine wakasema tujaribu Nyankunde, kuna hospitali. Nyankunde si mbali, lakini mke wangu hakukubali kupanda kitu chochote kinachotoka nje ya mji, na barabara yenyewe wakati ule hata mwenye akili timamu aliiogopa. Katika vituo vya watu binafsi niliambiwa kadi ya serikali hawapokei. Nilitembea na kadi ile mfukoni mwezi mzima, Bunia nzima, mpaka nikafikia kuuliza swali langu mlangoni kabla ya salamu, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu. Nilikuwa nimechoka kusalimia watu ambao baadaye wangenifukuza.

Mwisho nikampata muuguzi mmoja wa hapohapo Mbunya, mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo alimsikiliza. Alimwacha mke wangu aite orodha yake yote, hakumkatiza. Halafu akanitoa nje.

"Bwana, minaona ugonjwa yake. Lakini nikiandika vile minaona, mutuelle haitalipa, tena karatasi itafika ku bureau ya shule." Akafuta miwani. "Niandike palu?"

Hakunishurutisha. Aliuliza tu, na mimi nikajibu upesi kama mtu anayepokea chenji: "Andika palu."

Akapewa kitanda siku mbili, maji ya mshipa kwa ajili ya macho ya watu, na sindano ya kumlaza. Alilala. Alilala mdomo wazi, mikono imelegea, jinsi alivyokuwa akilala zamani siku za Jumapili. Naona haya kusema, lakini nilikaa pembeni ya kitanda nikalia kwa furaha. Na mutuelle ikalipa bila neno.

Kwa hiyo tukarudi. Kila alipozidiwa tulirudi, na kila tuliporudi daftari lake la matibabu liliandikwa palu, palu kali, palu tena. Daftari likajaa, likaunganishwa na jingine kwa uzi niliokuja nao mwenyewe kutoka kwenye cherehani. Sikuona ubaya. Niliona kwamba nimeshinda, kwamba nimewapiga chenga watu wa karatasi kwa karatasi yao wenyewe.

Shida ilikuwa wakaguzi wa mutuelle. Walipita kitanda kwa kitanda wakiwauliza wagonjwa wenyewe wanaugua nini. Basi nikamfundisha. Njiani kwenda kituoni tulifanya mazoezi.

"Uko na nini?"

"Malaria."

"Toka siku gani?"

"Toka juzi. Baridi, na kichwa, na kutapika."

Kuna wiki ambazo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Lolote jingine nililomwambia lilipita kando yake, lakini swali na jibu, hilo mwalimu alilishika. Akijibu bila kukosea nilimsifu, naye alitabasamu. Nilimpenda sana nyakati zile, na kwa ajili ya tabasamu lile nilimwuliza tena hata pale ambapo haikuwa lazima.

Ikapita miaka miwili hivi. Direkta alimficha alivyoweza, watoto waliendelea kuitika. Ndipo mteja mmoja, mama aliyeleta kitenge, akaniambia kuna kituo upande wa pili wa mji kimefungua chumba cha wagonjwa wa akili. Anakuja daktari kila Jumanne, na kadi ya mutuelle inapokelewa. Niliacha kitambaa chake chini ya sindano nikaenda kwa miguu nihakikishe. Ilikuwa kweli. Lilikuwepo tangazo mlangoni. Dawa za kila mwezi, bila kulipa, ilimradi daktari mwenyewe amwone mgonjwa na kumwandika. Nikarudi nikikimbia, mtu mzima, na utepe wa kupimia shingoni.

Wiki nzima nilimshonea blauzi. Ya mikono mirefu, kola ya kusimama, kazi ambayo mteja angelipia vizuri. Jirani alimsuka nywele. Nilikuwa nimeona wanavyopokelewa vichaa wachafu: wanasukumwa, wanasemeshwa kwa mbali. Nilitaka daktari aone kwamba huyu ni mtu, ana mwenyewe anayemjali. Jumanne ile aliamka mtulivu. Ugonjwa wake ulikuwa na siku kama hizo, nami nikashukuru, mpumbavu mimi.

Daktari alikuwa kijana, si mtu wa kwetu, macho mekundu kwa uchovu. Alisoma daftari tangu mwanzo mpaka mwisho, ukurasa kwa ukurasa.

"Papa, hapa naona malaria tu."

Nikapiga moyo konde nikamwambia ukweli. Nikasema yote yale ni uongo na mwenye kuuomba ni mimi. Jina la muuguzi sikulitaja, ingawa muhuri wa kituo chake ulikuwa kila ukurasa. Nikaeleza shamba la muhogo, majina, viatu. Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia mke wangu.

"Na weye, mama, unasema nini? Uko na nini?"

Nilimwona akinyoosha mgongo. Nilijua kabla hajafungua mdomo, na hakuna kitu ningeweza kufanya.

"Malaria, docteur. Toka juzi. Baridi, na kichwa, na kutapika."

Akamwuliza tarehe, akaitaja. Shule, akaitaja. Watoto wake ni wangapi, wawili. Saba mara nane, hamsini na sita, na kwa Kifaransa. Unalala vizuri? Nalala. Unasikia sauti za watu wasiokuwepo? Hapana, docteur. Alijibu mikono imekunjwa juu ya mapaja, kola imesimama.

"Docteur, anadanganya," nikasema. "Ni miye nilimufundisha."

Daktari akachukua kalamu yake tena. "Papa, kila mardi naona mwanaume analeta bibi yake hapa, anasema ni wazimu. Ukiuliza vizuri, unakuta iko na bibi mwingine kule nyumbani."

Nikasimama. Nikapiga meza, nikapaza sauti, sikumbuki nilisema nini, nadhani nilimtukana mama yake. Mlinzi akaingia. Katika chumba kile walikuwemo watu wawili waliotoka Mbunya asubuhi, na aliyeonekana kichaa alikuwa mimi. Daktari akaandika kwenye daftari kwamba hakuona dalili za ugonjwa wa akili, akagonga muhuri, akaagiza kipimo cha malaria. Kipimo kikaonyesha hana.

Simlaumu daktari sana. Alisoma tulichoandika, akasikia tulichofundisha. Baada ya mstari ule hakuna kituo kingeweza kumwandika tena kwa kadi, kwa sababu mutuelle inafuata muhuri, na muhuri ulikuwa umeshasema hana wazimu wala malaria. Inspecteur alifika shuleni kabla ya mwaka kwisha. Aliketi nyuma ya darasa, akasikia watoto wakiitika majina yasiyokuwa yao, akamtoa kwenye orodha. Ndugu zake wakaja wakamchukua kwao, upande wa Mahagi. Nimekwenda mara tatu. Anaita orodha uani, na watoto wa kule hawajui kwamba wanatakiwa kuitika, basi anasimama kwenye jina la kwanza tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mimi haniiti, wala hajui ni nani ninayesimama pale.

Lakini siku ile ya Jumanne alinijua. Tulitoka nje ya geti, mimi nikiwa bado na hasira, karatasi ya kipimo mkononi. Yeye alikuwa amechangamka kuliko nilivyomwona kwa miezi mingi. Alinishika mkono, jambo ambalo alikuwa ameacha kulifanya, akanitazama usoni.

"Nilijibu muzuri, baba watoto?"

Nikamwambia ndiyo, ulijibu vizuri sana.