Mfuko wa Faila Ulivyofika Lubarika

Waliokuwepo ni hawa: minye ninayesimulia, dada yangu mkubwa Feza, ninayemwita Yaya, tulitoka tumbo moja, la mama yetu Marta, na Riziki, muke wa Amani, mtoto wa Feza. Amani mwenyewe alikuwa shambani, simuhesabu. Asiyekuwepo ni Faila. Nilimuzaa minye, akakulia mgongoni mwa Feza, sasa iko Kanada. Nilisafiri kwa sababu Feza alituma neno: macho inamwishia, anataka kushika mkono wangu.

Asubuhi, Uvira. Faila alikuwa amenitumia mfuko wa mgongoni, wajukuu wanauita sakado. Mwepesi sawa kitambaa cha kichwa. Ukiwa mtupu unaukunja, unaingia ndani ya kifuko chake chenyewe, unabaki ngumi tu. Nikaujaza ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, nikauvaa.

Tulipita Sange, tukapita Mutarule, mahindi yakisimama huku na huku. Niliposhuka garini kupanda moto, pikipiki ya kukodi, Bahati mwenye moto akanicheka, minye bibi kizee na mfuko wa wanafunzi mgongoni.

"Koko, unasoma darasa gani?"

"Darasa niliachia zamani. Endesha."

Mchana, Lubarika. Feza alinipapasa uso wote, akalia, nikalia. Kisha nikatoa ndagala, nikaukunja mfuko kwa majivuno, nikaufunga kwenye pindo la kitenge. Hapo nilikosea. Kwetu mgeni anaacha kitunga chake jikoni, mwenye nyumba anakijaza siku ya kurudi. Nilimuona Feza akipapasa ukutani, chini ya meza, pembeni ya majiko. Jioni akanipa ugali, akapapasa tena.

Kesho yake, nikiaga, ndipo akauliza:

"Mudogo yangu, kitunga yako iko wapi?"

"Sikukuya na kitunga, Yaya."

"Kumbe unakatala bitu yangu. Ulikuya kuniaga sawa maiti!"

Nikafungua kitenge mbio, nikamuwekea ile ngumi mkononi.

"Hiyo ni sabuni?" Riziki akauliza.

"Ni sakado. Faila ndiye alituma."

Feza akaikunjua polepole, ikapanuka mapajani mwake. Akaiweka puani, akakaa hivyo. Halafu akamwambia Riziki alete mchele mpya.

"Kitunga hairudi mutupu kwa mwenyewe. Mwenyewe ni Faila. Weye usiikule."

Akajaza kwa mikono yake, akifuata mdomo wa mfuko kwa vidole, punje hata moja haikuanguka.

Kurudi Uvira, nilitazama ziwa upande wa kushoto, mchele wa mwanangu ukinilemea mgongoni, nikatamani njia isiishe.

Sasa mfuko umetundikwa nyumbani kwenye msumari, na mchele wake ndani. Wajukuu wanautazama. Juzi Faila alipiga simu: "Mama, sakado inafaa?"

"Inafaa. Imejaa, inakungojea."

Nikasikia anavyopumua kule mbali.

Nimejifunza kumuonyesha mwenyeji mahali pa kuweka upendo wake. Kama nimekosea jina, labda yule wa moto ni Baraka, si Bahati, munisahihishe, ninyi mnaowajua. Ila jina la mwenye mchele, hapo sikukosea.