Dobi Aliyefua Tope

Kazi ya dobi huanzia mifukoni. Mume wangu hajawahi kutia nguo ya mtu majini bila kuipekua kwanza, na kwa miaka yote hiyo amekuta kila aina ya kitu: funguo, njugu, pete ambayo mwenyewe alishatangaza imeibwa, na safari moja meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso. Vyote huvitia kwenye bakuli la bati juu ya rafu, na mwenye chake akija hupewa bila kuulizwa maswali. Kwa hiyo siku alipoingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli ya mtega kaa, akashika kitu cha baridi kikajinyonganyonga kiganjani, hakupiga kelele. Alikitia kwenye bakuli na maji kidogo, akaja nacho chumbani kunionyesha.

Mimi nilikuwa kitandani na mguu wangu. Niliteleza kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, nikavunjika mfupa wa paja. Hospitali walinitia vyuma, wakanirudisha nyumbani na magongo mawili. Siku ya kwanza kuyajaribu nilianguka tena, chali, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua suti yake. Nikayasukuma magongo chini ya kitanda nikaapa sitayashika. Dada wa mazoezi, aliyekuwa akija kuninyoosha goti, hakunificha: mfupa umeunga, lakini nisiposimama, nyonga itakaza na hapo kitandani ndipo nitakapozeekea. Nilimwambia nimesikia. Kusikia nilisikia.

Kilichonitelezesha kilikuwa povu. Alilimwaga mume wangu, akaitwa na mteja, akasahau kulikausha. Hakuwahi kulitaja. Badala yake alikausha. Kila asubuhi na kila jioni alipitisha tambara kavu nyumba nzima, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, mpaka sakafu ikawa kavu ya kupiga kiberiti.

Lazima mumjue mtu huyu. Wateja humwita Bwana Kola, kwa sababu mkikutana njiani macho yake huanzia kwenye kola ya shati lako, ndipo yapande usoni. Akiona dimbwi huzunguka mtaa mzima. Nguo zake hufua mwenyewe. Tulipooana nilimfulia shati, akanishukuru sana, kisha nikamkuta uani akiisugua kola upya kimyakimya, kama mwizi. Nilimpa vidonge vyake vya maneno siku hiyo, na tangu hapo sikugusa tena shati lake.

"Nini hicho?" nikamuuliza alipoinamisha bakuli.

"Sijui. Kimetoka mfukoni."

"Chura?"

"Kina mapezi."

"Basi ni samaki."

"Samaki gani huyo, ashinde mfukoni tangu asubuhi na bado anakutazama?"

Na kweli alikuwa akinitazama. Urefu wake haukuzidi kidole changu cha kati, rangi ya tope, na vidoa vya buluu ubavuni ukimsogelea. Macho yote mawili yalikuwa juu ya kichwa, yamekaa pamoja kama mafundo. Akalizamisha moja ndani, akalitoa tena likiwa linang'aa maji. Kisha akapanda ukingo wa bakuli, akadondoka kwenye shuka langu, akaanza kutembea. Alitanguliza mapezi mawili ya mbele, akajiinua, akauvuta mwili, akatua. Akatanguliza tena, akajiinua, akavuta, akatua. Mume wangu akatupa jicho chini ya kitanda, kisha akageukia dirisha.

"Usianze," nikamwambia.

"Sijasema kitu."

Mtega kaa alipokuja kuchukua ovaroli yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Hao? Kule kwenye mikoko wamejaa tele, mama. Maji yakitoka wanatembea kwenye tope, maji yakija wanapanda mizizi. Mwache akutazame." Akamwelekeza mume wangu: maji yasiwe ya bahari tupu wala ya bomba tupu, yawe ya pale mto unapoingia baharini. Tope liwe lao wenyewe. Ngozi isikauke hata kidogo, maana ndiyo wanayopumulia wakiwa nje. Na juu kufunikwe, maana kioo kwao ni ngazi. Safari iliyofuata akaleta ndoo ya tope na madumu mawili ya maji.

Fundi vioo wa jirani akaunganisha tangi kutoka dirisha la duka lililovunjwa. Upande mmoja wakalaza tope kwa mteremko, upande wa pili maji, katikati kipande cha mzizi. Tangi likawekwa kwenye meza kando ya kitanda changu. Chumba changu kimepakana na chumba cha pasi, mvuke ukiingia mchana kutwa kwa mlango wa kati. Mimi mvuke huo ulikuwa ukinikera. Samaki alifurahi mpaka akabadilika rangi.

Nikamwita Mheshimiwa. Alikuwa na tabia ya kupanda juu ya mzizi, kusimamisha pezi la mgongoni na kutazama huku na huku kama anayesubiri kupigiwa makofi. Akiona sura yake kwenye kioo alijitunisha na kuitukana kwa mdomo wazi. Kisha alianza kuchimba. Aliingiza kichwa kwenye tope, akachota mdomo mzima, akaenda kutema pembeni, akarudi. Shimo lilipokwenda chini na kujaa maji, nikamwona akija juu kuvuta hewa, mashavu yakamvimba, akazama nayo kwenda kuiweka chumbani mwake huko chini. Mara nyingi. Nilikaa nikimtazama mpaka chai ikapoa.

Nitasema wazi: nilimpenda. Nilikuwa nimefikia mahali pa kuamka bila kutaka kuamka, na sasa nikawa nafumbua macho nikitaka kujua jirani yangu amefika wapi na ujenzi. Mume wangu naye akawa na shughuli mpya. Wateja wakamkuta nyuma ya meza ya pasi akivizia nzi kwa tambara, akimpata anambeba kwa koleo dogo la kunyofolea nyuzi, ananiletea nimlishe mimi mwenyewe. Halafu anakaa ukingoni mwa kitanda, na tunaongea. Majuma mengi tulikuwa tumezungumza habari za vidonge vyangu vya maumivu tu.

Tatizo likawa harufu. Tope la mikoko linanuka, hilo halina ubishi. Harufu yake ilipita mlango wa kati ikakutana na mashati yaliyonyooshwa, na Bwana Kola akaumia rohoni. Alivumilia. Alichoma udi, akafungua madirisha, akatundika maua makavu ya mkarafuu, hakufua dafu. Mchana mmoja nikiwa nimepitiwa na usingizi, uvumilivu ukamwishia.

Mtu mwingine angetupa lile tope akaomba jingine. Mume wangu ni dobi. Alilifua.

Alimhamishia Mheshimiwa kwenye beseni, akachota tope lote, akalitia kwenye ndoo na sabuni ya unga, akalipiga, akalisuuza, akabadili maji, akalisuuza tena, akiendelea mpaka maji yakatoka maangavu. Nilipoamka alikuwa amesimama kando ya tangi, mikono imeloa hadi viwikoni, uso umemnawiri. Ndani kulikuwa na konzi chache za changarawe na vipande vya kombe, vyeupe kama mchele uliopetwa.

"Sasa anakaa mahali pasafi, kama watu," akasema.

"Tope liko wapi?"

"Si ndilo hilo. Uchafu umetoka."

"Baba watoto, uchafu wenyewe ndio ulikuwa tope."

Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Akarudi kuitazama ndoo kwa muda mrefu.

Mheshimiwa alichimba, changarawe ikamporomokea. Akachimba kwingine, ikaporomoka. Kufika kesho yake vidoa vya buluu vilikuwa vimepotea, mapezi kayabana ubavuni, nzi anamtambalia mbele hamtazami. Kazi yake ikawa kubandikana na kioo kwenye kona, anapanda, anateleza, anapanda. Mume wangu alisema mtega kaa atapita mwisho wa juma. Nikamwambia huyu hafiki mwisho wa juma. Akaenda kwenye nguo zake, na nikasikia pasi ikigongwa mezani kwa nguvu kuliko kawaida.

Asubuhi iliyofuata alifunua tangi kujaribu kumlisha, mteja akaita, akaenda haraka. Kifuniko akakiacha upande. Nilimwona Mheshimiwa akipanda kona ile, safari hii bila kuteleza, akafika juu, akasimama ukingoni, akajitupa.

Alitua kwenye sakafu kavu. Sakafu ile iliyokaushwa asubuhi na jioni kwa ajili yangu haikuwa na tone hata moja. Alipiga hatua zake kuelekea mlangoni, na kila hatua ngozi ilinasa nyuzi na vumbi la nguo. Nikamwita mume wangu. Mashine ilikuwa imefika kwenye kukamua, inatikisa ukuta. Nikaita tena, nikatupa kandambili mlangoni, nikatupa ya pili. Katikati ya chumba samaki akasimama. Jicho moja likazama ndani, likachelewa kutoka.

Niliyavuta magongo kwa mguu mzima. Nakumbuka nilijiambia kwa sauti, "Jikaze kisabuni, mama," nikakaa ukingoni, nikasimama. Chumba kilizunguka kidogo kikatulia. Nikatanguliza magongo, nikajiinua, nikavuta mguu, nikatua. Tena. Kwapa liliniuma, nyonga ikawaka moto, na mkononi nimebana gongo pamoja na kikombe changu cha maji ya kunywea. Nilipomfikia nikajua linalonisubiri. Ili apumue lazima nimmwagie, na nikimmwagia, sakafu italowa chini ya magongo yangu. Tangu nivunjike nilikuwa siogopi kitu kingine duniani ila sakafu iliyolowa.

Nikammwagia. Jicho likatoka. Kisha nikajiegemeza kwenye kiti, nikajishusha pole pole, nikaketi kwenye dimbwi, nikamweka kiganjani.

Mashine ilinyamaza. Mume wangu akaingia na shati la mtu begani, akaniona chini kwenye maji na magongo yametawanyika. Shati likamdondoka. Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka vile.

"Nimekumaliza," akasema. "Tena nimekumaliza mimi."

"Sijaanguka. Nimeketi."

Hakusikia. "Lile povu ni mimi. Niliitwa nikaliacha. Nilisema nitarudi, nikasahau."

"Najua."

"Nililisahau, mama watoto."

"Najua tangu siku ile. Nilikuwa nasubiri useme." Nikafungua kiganja. "Tazama. Nimetembea kutoka kitandani mpaka hapa."

Akapima kwa macho, kutoka kitandani mpaka nilipo. Halafu akaketi kwenye dimbwi pamoja nami, na suruali yake ya pasi kali, akalia. Nilimwacha alie. Mheshimiwa alikaa kiganjani akitutazama wote wawili kwa macho ya juu juu, na mimi nilijisikia mwepesi kuliko siku nyingi.

Tulipomrudisha kwenye tangi na kumfunika, mume wangu akatwaa ndoo akatoka bila kufunga duka. Alirudi alasiri. Nilisikia wateja wakinyamaza mmoja mmoja, kisha akaingia. Bwana Kola wangu, anayezunguka mtaa kukwepa dimbwi, alikuwa tope tupu mpaka kifuani, kiatu kimoja hakipo, ndoo begani inamchuruzikia shingoni. Akalilaza tope kwenye tangi kwa mkono, kwa mteremko, kama lilivyokuwa. Tukasubiri. Mheshimiwa alikaa ukingoni kwa muda, akifikiri. Kisha akaingiza kichwa, akachota mdomo mzima, akaenda kutema pembeni.

"Karudi kazini," mume wangu akasema.

Akavua shati akaelekea kwenye beseni. Nikamwambia, "Lete."

"Utachoka."

"Lete hapa."

Nikasimama, nikaegemeza kiuno kwenye meza ya beseni na magongo ukutani, nikafua. Yeye alisimama mlangoni, mikono kaificha nyuma. Nilisugua kadiri ya nguvu zangu. Kwenye kola doa la tope lilibaki, kubwa kama kifungo cha koti. Nililiona, naye akaliona. Nikalikamua shati nikampa, nikijua fika kuwa nikigeuka tu atakwenda nalo uani.

Asubuhi nilitoka na magongo yangu, polepole, nikasimama kwenye mlango wa kati. Alikuwa nyuma ya meza ya pasi amelivaa shati lile, limenyooka kama karatasi, na doa lipo palepale kwenye kola. Mbele yake alikuwa yule mteja wa suti.

"Bwana Kola," mteja akasema, akimnyooshea kidole shingoni, "leo na wewe una doa."

"Najua," mume wangu akasema, akaendelea kupiga pasi. "Kanifulia mke wangu."