Mbuzi ya Stimu, Si Mbuzi wa Stimu

Nimemaliza sekondari nikiwa na watoto watatu na magoti mawili yanayonung'unika kila nikipanda ngazi. Shule yetu ya jioni hapa Sur ilikuwa ya kina mama watupu, na sayansi tuliisoma kama dua: abla, mwalimu wetu, anatamka, sie tunaitikia. Kabati la maabara lilikuwa limefungwa. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyekwenda likizo, na kwa hesabu yangu alikwenda kabla miye sijabaleghe.

Kisha abla wetu akapelekwa Japani kutazama wanafunzi wa sekondari wa huko wanavyosoma kwa kutengeneza vitu. Alikaa wiki chache, akarudi na tabia za karne nzima. Akawa anainama kila akikusalimu. Akatuamuru tuvue viatu mlangoni, sie Waislamu tuliozaliwa tunavua viatu. Akatuamuru tufagie darasa wenyewe kama watoto wa Kijapani, tena akatuonyesha ufagio unashikwaje, sie wanawake ambao kwa vumbi tulilokwisha kufagia ingejengwa Oman ya pili.

"Hii inaitwa stim," akasema. Sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hesabu, zote chungu kimoja. "Elimu ya mikono!"

Basi akazima taa, akatuonyesha picha za elimu ya mikono mwezi mzima, na mikono yetu imelala mapajani.

Nyumbani nilipomweleza mama, alinitazama kama niliyerudi na homa. Mama amekuja na Kiswahili chake kutoka Unguja mjini, na kwake stimu ni umeme.

"Stimu si hiyo ukutani? Mnakwenda kuisomea nini, haiwaki?"

Abla alitaka kila kundi litafute tatizo la mtu wa kweli, walitatue. Langu halikuhitaji kutafutwa. Mama alikuwa ameanguka bafuni, na kifundo cha mkono wa kulia hakikurudi kuwa kifundo. Nyumba yetu iko Aija, ng'ambo ya daraja, na mama anaitawala kutoka jikoni. Zamani, kaka yangu mkubwa alipoanza kumwimbia ahamie kwake Maskati, kwenye flati ya ghorofa ya saba yenye jiko lisilojua harufu ya samaki, mama alimjibu kwa kiburi: "Siku nitakayoshindwa kukuna nazi yangu, ndiyo siku mtanipeleka mnakotaka."

Kaka akaliweka neno lile kama watu wanavyoweka dhahabu. Sasa kila Ijumaa anapiga simu.

"Shikamoo mama. Nazi vipi?"

"Marahaba. Nazi iko juu ya mnazi. Wewe vipi?"

Nazi nilikuwa nakuna miye. Na kaka alikwisha sema Idi anakuja, atakaa jikoni, ajionee mwenyewe.

Kundi letu lilikuwa miye na wifi yangu. Wifi amekulia Ibra, Kiswahili chake cha kuokota, lakini Kiarabu anakiandika mpaka karatasi inaona haya. Tukaamua kutengeneza mbuzi ya stimu: kile kigoda cha mama chenye ulimi wa chuma, tukitie mota, ulimi uzunguke wenyewe, mama ashike kifuu tu kwa mkono wa kushoto.

Kabla hatujaanza, abla akatuunganisha kwa video na wasichana wa sekondari moja ya Japani. Walikuwa wamemtengenezea bibi jirani yao fimbo ndefu ya kuchumia matunda ya kwao, yanayofanana na tungule, nyanya hizi, ila yamejaa asali. Lakini fimbo iliyofaulu waliiweka pembeni. Mbele walizipanga zilizovunjika, wakazieleza moja moja, hii ilipinda hapa, ile ilimwangushia bibi tunda utosini, kwa fahari ya mtu anayeonyesha mahari.

Wifi akaninong'oneza: "Kwetu hizi zingekuwa chini ya kitanda."

Msichana mmoja akauliza: na nyinyi mmeharibu nini?

Tulikuwa hatujaharibu hata kalamu.

Basi tukaingia kuharibu kwa bidii. Mume wangu ni fundi gereji huko Firq. Akatuletea mota ya waipa ya gari lililopinduka. Ilikuna nazi kwa mwendo wa karani anayesubiri saa ya kutoka. Tukaifungua, tukatia mota ya feni. Hiyo wallahi ilimaliza nazi kabla ya bismillahi, ikaipeleka ukutani, darini, na ndani ya shela ya wifi. Kifuu kiliruka dirishani. Nadhani mpaka leo kinaelekea Ras al Hadd.

Mama akajifuta uso. "Hii haina adabu. Cherehani yangu nikiiambia simama, inasimama."

Nikaitazama cherehani. Mama akaniona ninavyoitazama.

"Thubutu!"

Nikathubutu. Mota yake na pedeli yake, vyote.

Maonyesho ya kazi za shule yalikuwa Nizwa. Wifi ndiye aliyemtumia abla jina la kazi yetu kwa Kiarabu. Abla hajui Kiswahili, akalipeleka mbele kama lilivyo. Tukaendesha kutoka Sur, mama kiti cha nyuma na kigoda mapajani, tukafika, tukaulizia nafasi yetu. Tukapelekwa sehemu ya mifugo. Tumewekewa uzio, ndoo ya maji, na majani mabichi ya kumtosha fahali. Daktari wa wanyama yuko tayari na glavu.

"Yuko wapi mnyama?" akauliza.

Nikamwonyesha kigoda.

"Amechanjwa?"

"Amepakwa grisi."

Mama akamgeukia wifi. "Mwanangu, umeandika nini?"

"Mbuzi wa umeme, khalti, kwa Kiarabu, yule mnyama. Si ndiyo?"

"Mbuzi *wa*, huyo analia mee. Mbuzi *ya*, hiyo inakaliwa. Herufi moja imetutia zizini!"

"Khalti, mbuzi ni mbuzi."

"Na wewe ni wewe."

Majaji wakaja, na kati yao mwalimu wa Kijapani, mgeni. Miye kwa ajili ya wale wasichana nilikuwa nimebeba zile mota mbili zilizotuaibisha. Nikazipanga juu ya majani. Abla akanifinya: "Toa takataka hizo!" Mgeni akapiga magoti ndani ya zizi, akazipiga picha takataka zote, akauliza habari za kifuu kilichoruka, akacheka mpaka akaegemea uzio. Abla naye akacheka, akasema yeye ndiye aliyetufundisha kuharibu.

"Sasa," akatangaza, "mtaona elimu ya mikono!"

Mama akaketi, akakanyaga pedeli. Mguu ule umeshona kanzu za nusu ya Sur. Unajua kwenda, unajua kupunguza, unajua kusimama. Nazi ikashuka kwenye sinia nyepesi, sawasawa. Majaji wakatafuta mkono unaofanya kazi, wasiuone.

Zawadi ya kwanza ilichukuliwa na roboti iliyotoka dukani imekwisha kuungwa, ikabandikwa bendera. Sie tukapewa ya ufugaji bora: gunia la shayiri.

Idi kaka akaja, akaketi mlangoni pa jiko, mikono kifuani. Mama akakalia mbuzi, akakanyaga. Kaka akaruka.

"Mama! Hiyo mashine ndiyo inayokuna!"

"Nilisema siku nitakayoshindwa kukuna. Nilitaja mkono miye?"

Kaka akanigeukia. "Wewe msomi, sema haki."

Nikainama Kijapani.

Akautazama ule mguu, akalitazama sinia linavyojaa. "Na mguu ukichoka?"

"Ninao miwili."

Alikula sahani tatu za wali wa nazi, amenuna, na ya nne akaiomba kwa macho. Alasiri akarudi Maskati. Kutoka nyumba ile buti la gari lake lilibeba kitu kimoja tu, lile gunia la shayiri. Mama alimwambia alichukue, maana mbuzi yake haili.