Uzi wa Katani Katika Vitabu vya Mutua

Tulitoka nyumbani Mutuini kwa sababu ya baba. Maktaba moja ya katikati ya jiji ilikuwa ikiandaa maonyesho ya vitabu vyake vya zamani vya Kiswahili, na mtafiti wao wa uhifadhi, Nekesa, alinipigia simu kuniambia kwamba vile vilivyodumu vizuri zaidi vilijalidiwa na marehemu baba yangu, fundi Mutua. Je, familia ingependa kuviona? Kupenda! Nilivaa kitenge cha harusi, nikamvalisha mama sweta mpya, nikawatangazia majirani wote.

Asubuhi njia yetu ilikuwa matope matupu, kwa hivyo teksi ilitungoja kwenye lami. Dereva hakuwa ameuliza lolote, lakini nilimsimulia habari za baba hadi Ngong Road.

Hurlingham tukakwama kwa jam. "Duka lake lilikuwa hapo," nikamwonyesha jengo la vioo lililochukua nafasi ile. "Wateja walikuwa wanatoka hadi Westlands!"

Mama akasema tu, "Funga dirisha, moshi inaingia."

Mjini, Nekesa alitupokea mlangoni. "Karibu mama, karibu sana. Mmekunywa chai?" Akatukalisha kwenye meza yake ya kazi. Kibandiko cha maonyesho kilikuwa tayari, kikingoja kupelekwa kuchapishwa mchana huo: *Kazi ya fundi Mutua, Hurlingham.* Nusura nipige vigelegele, maktaba au si maktaba.

Kisha akafunua kitabu kimoja cha baba kilichobanduka mgongo, uzi wa ndani ukionekana. "Vingine vya wakati huo vimeachia kurasa, uzi wa duka umeoza. Hivi bado vimeshika. Nimeangalia kwa hadubini, huu uzi ni katani, tena umesokotwa na mkono. Na hii fundo sijawahi kuiona kwa kitabu. Mzee alijifunza wapi?"

"Baba alijua kila kitu," nikajibu upesi, nikainama kutazama.

Lo! Fundo lile nalijua. Ndilo linaloanzisha kila kikapu cha kiondo anachosuka mama nyumbani kwetu. Na mwanamume wa Kikamba, wa rika la baba, akae chini asokote katani pajani? Thubutu!

Nikamgeukia mama. "Mwaitu," nikamwita kwa Kikamba, "nani alishona hivi vitabu?"

"Ni mimi," akasema. "Baba yako alikuwa analeta karatasi nyumbani, nashona, yeye anaenda kutia jalada dukani. Ule uzi wake ulikuwa unakatika-katika, nikamwambia aachane nao."

"Na miaka hii yote hujasema?"

"Ningesema saa ngapi? Wewe huachia mtu nafasi ya kuongea?"

Nekesa alicheka hadi akashika meza. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Nilimpenda baba vilevile, lakini fahari niliyoihisi sasa ilikuwa ya mama, nikamsogezea kile kitabu mbele yake.

Nekesa akachukua kile kibandiko. "Mama, hii haiwezi kwenda hivi. Niandike aje?"

Mama akakichukua, akakitazama. Niliogopa. Namjua, angeweza kusema kiachwe tu, mambo yaishe, na jina lake lizikwe ndani ya migongo ile milele.

"Mutua usimtoe," akasema. "Jalada ni lake. Lakini anza na mimi. Kitabu hushonwa kwanza."

*Kazi ya mafundi Syombua na Mutua.* Hapo vigelegele vilinitoka, na askari wa mlangoni akaja mbio kuuliza kuna nini.

Jioni tulirudi Mutuini. Njiani nilikuwa nikiwaza jinsi maisha yangu yote nimesifu majalada, na ilibidi Nekesa, mtu wa kutoka Bungoma, apekue uzi ndipo nimjue mama yangu mzazi. Langoni jirani yetu alikuwa akitusubiri.

"Haya, mmeona kazi ya mzee?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Tumetoka kuona yangu," akasema.