Walikunywa mbege yake, wakamwita tishio

Ni asubuhi ya siku ya soko, Kiboriloni. Yuditha anachota mbege, pombe ya ndizi, kwenye pipa, anaonja mbele ya mteja kama desturi inavyomtaka muuzaji, kisha anamnyooshea Mzee Aminieli kata.

Mzee haipokei. "Onja tena, Mama Given. Nikuone unameza."

"Nimeshaonja, mbe," Yuditha anamjibu kwa neno la heshima la Kichaga.

"Tena."

Anaonja tena. Mzee huyu amekunywa hapa miaka sita bila kudai hivyo.

Kilichobadilika ni video. Mwezi uliopita vijana wawili wa televisheni ya mtandaoni walimwambia wanatengeneza kipindi cha pombe za asili. Akawaonyesha anavyochemsha ndizi na kuchanganya ulezi, akawanywesha bure. Wakamuuliza kwao ni wapi. Hakuficha: wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, yeye akazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, familia ikapewa uraia, akaolewa Kirua Vunjo.

Video ilipotoka, sura yake ilikaa juu ya maneno haya: "Wakimbizi wajipenyeza mitaani, wananchi waishi kwa hofu."

Hofu ya nani? Hakuhojiwa mwananchi hata mmoja. Watu wameanza kuogopa baada ya kuitazama. Nilipompigia mhariri wao, mimi mwandishi mwenzake, alinijibu, "Ile ni picha ya mfano tu, kaka."

Mfano! Mtu ana jina, ana watoto, ana pombe inayochacha bila wanywaji. Inatia hasira, na inatia aibu kufanya kazi moja na watu hawa.

Zamani Yuditha aliuza mapipa mawili kila siku ya soko. Siku hizi hata moja haliishi.

Kinachomuuma zaidi ni harusi ya Jumamosi huko Kirua Vunjo. Familia ya bwana harusi ilimpa kazi ya kupika mbege kabla ya video. Sasa imetuma ujumbe: apike, ila asionekane. Mama mkwe wake, Mektrida, ndiye awamiminie wageni.

Mektrida, aliyemfundisha upishi huo, amekataa katakata. "Nimimine mimi kwa nini? Huyu ni mke wa mwanangu. Kama wanamwogopa, waniogope na mimi."

Ndizi za harusi zimeshachemshwa. Yuditha anafuta mikono kwenye kanga, hatabasamu.

"Jumamosi nitakuwa pale mbele, nimevaa kitenge changu kipya, namimina mwenyewe," anasema. "Asiyetaka kupokea mkononi mwangu, akanywe soda."