Bwana Aitwaye Muzee

Nilipomaliza masomo ya sheria, vita vilikuwa vimenipanulia soko. Kazi hazikuwepo, lakini staji, yaani kazi za mafunzo zisizo na mshahara, za haki za binadamu zilijaa Goma nzima. Kila watu walipokimbia Rutshuru na Masisi na kuja kulala juu ya mawe ya lava, ofisi mpya ilifunguliwa mjini ili kuwatetea, na kila ofisi ilihitaji stajieri wa kupanga viti. Mimi nilipata yangu mtaa wa Mapendo. Nilipanga viti vya semina juu ya haki ya mfanyakazi kupumzika, kisha nikasimama nyuma kwa saa zote za semina, kwa sababu stajieri hakuhesabiwa kwenye viti.

Sikulalamika. Mimi ni mtu wa kufikiri mno. Mtu akinisalimia "jambo", nafika nyumbani bado najiuliza kama nilimjibu kwa heshima au kwa kiburi. Kulalamika kungenichukua mwezi mzima wa maandalizi.

Msimamizi wangu alikuwa wakili aliyeletwa kutoka Kinshasa, tuliyemwita Maître hata alipokuwa anakula mkate. Alijua Kifaransa na Lingala. Kiswahili chake kilikuwa maneno matano, na aliyatumia kwa ukarimu mkubwa. Kazi yangu rasmi ilikuwa kumtafsiria. Kila nilipofungua mdomo aliniinulia kiganja: anaelewa.

Asubuhi moja akaja mama kutoka kambi ya wakimbizi iliyo mbele ya mtaa wa Ndosho, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa ametoka kutafuta kuni, doria ikamsimamisha na kumwomba kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Kadi ilikuwa imeungua pamoja na nyumba yao kijijini. Mtu asiye na kadi wakati wa vita ni mpelelezi. Hilo kila askari alilijua bila kusoma sheria. Walimtia kasho, chumba cha mahabusu, katika kituo cha polisi huko Majengo, na alasiri hiyo gari lingewapeleka wafungwa gereza kuu, mahali ambapo mtu asiye na faili husahaulika mpaka ndevu zake zipate mvi.

"Maître, munisaidiye," mama alisema. "Muzee yangu iko mu kasho."

Maître akauliza jina la mfungwa.

"Muzee," alijibu mama, akiangalia chini.

Kwao mke hatamki jina la mumewe mbele ya wageni. Mume ni muzee, hata akiwa kijana wa juzi. Mtu yeyote aliyekulia upande wetu angelijua hilo. Nilifungua mdomo. Kiganja kikainuka. Maître akaandika kwa Kifaransa kizuri mno ombi la kumwachilia Bwana Muzee, mkimbizi, baba mzazi wa mama huyu, na kwa kuwa neno mzee alilijua, aliongeza aya mbili juu ya udhaifu wa mifupa ya uzeeni na heshima ya mvi. Mimi nilikuwa natayarisha sentensi ya kumsahihisha. Nilikuwa na tatu: moja ya unyenyekevu, moja ya kisheria, na moja iliyoanza na "labda". Nilipomaliza kuchagua, tulikuwa tayari juu ya pikipiki pamoja na mama.

Kituoni, komanda alisoma ombi, akaguswa na ile mifupa, akatia muhuri. Askari akafungua mlango wa kasho na kuita, "Muzee!"

Kizee mmoja akanyanyuka haraka kuliko umri wake. Alikuwa amefungwa kwa sababu ya mbuzi wa jirani; yeye alisema mbuzi huyo alijifia mwenyewe, karibu na sufuria yake. Alitushika mikono sote, akambariki Maître, akamwita mtoto wa Mungu. Maître akampigapiga begani na kumwambia mama, kwa neno lake la nne, "Karibu."

Mama alimtazama kizee, akamtazama Maître.

"Uyu haiko muzee yangu."

Nje dereva alikuwa ameshawasha gari, na wafungwa walikuwa wanaitwa mmoja mmoja. Hapo ndipo sentensi zangu tatu zilinikimbia zote, nikabaki na ile isiyotayarishwa. "Maître, muzee ni bwana yake. Si baba. Na si jina."

Aliniuliza kwa nini mtafsiri hakumwambia mapema. Swali zuri, na mpaka leo nalistahi.

Komanda akakunja ombi. Karatasi ilisema muzee, muzee ametoka. Wazee wawili kwa karatasi moja hapana. Tuandike nyingine, tuilete kesho. Kuhusu kizee, alishavuka lango, na tulimwona akipanda pikipiki bila kuuliza inaelekea wapi.

Maître akaanza kutaja vifungu vya katiba. Komanda alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Mama akamsogelea, akamrekebisha mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Komanda, ule bibi mwenye ulioa, anakuitaka nani?"

Askari wawili waliokuwa mlangoni wakageuza nyuso. Komanda akaangalia dari.

"Muzee," alisema.

"Basi na mimi vile."

Mmoja wa askari akashindwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akamwambia komanda, "Wee muzee, umwachiye muzee mwenzio." Komanda alimwamuru anyamaze, kisha akaenda mwenyewe kwenye gari kumtafuta aliyekamatwa bila kadi. Alirudi amemshika mkono kijana mwenye vumbi la lava, asiye na mvi hata moja, pengine mdogo kwangu.

Maître akamtazama, akatazama ombi lake, aya zile mbili za mifupa.

Mama hakumkumbatia. Alimtazama toka miguuni mpaka kichwani kuona kama anakanyaga sawasawa. Akamwambia, "Muzee, twende. Kuni utaziacha mimi nizitafute."

"Nitaenda na wewe," alisema yule kijana.

"Bila kadi?"

Walitoka kwa miguu kuelekea kambini, mama mbele akichungulia kila kona kama kuna doria, na mumewe nyuma yake, hatua kwa hatua.